Habari za Nyuzi Sita na Mlio wa Mlango wa Choo cha Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, enyi wenye masikio mawili na enyi ambao moja limeshagoma. Zimeni majiko, walazeni watoto, mwacheni anayepiga simu apige mpaka achoke, maana nawaletea habari ambayo wafalme wangeinunua kwa makundi ya ng'ombe kama wangekuwa na akili ya kuitafuta. Vita vya mikuki vimeshasimuliwa hata vimechakaa, na majitu yenye vichwa vingi yameshauawa vya kutosha. Mimi nawasimulia jinsi Nyuzi Sita, mpiga gitaa wa bendi ya roki iitwayo Waya Uchi, shujaa mwenye nywele zisizokubali chanuo, alivyoingia katika choo cha mama mkwe wake mchana kweupe kwenda kupigania heshima ya albamu yake ya kwanza. Ewe Sauti, mzazi wa kelele zote, wewe ukaaye ndani ya bawaba zenye kutu, nishike mkono katika kusimulia. Na nikiongeza chumvi, unyamaze, usinichongee.

Waya Uchi ilikuwa bendi ya watu wanne na spika moja na nusu. Walikuwa wamepiga katika harusi ambako waliombwa wapunguze sauti kabla hawajaanza, wakapiga katika ufunguzi wa duka la vigae ambako vigae vingine vilianguka, na sifa zao zikaenea kwa namna hiyo. Albamu hawakuwa nayo. Ndipo Nyuzi Sita, siku moja akiwa anapiga mswaki, akapata ufunuo: kwamba albamu yao isijengwe kwa magitaa na ngoma peke yake, ijengwe kwa milio ya nyumbani, inaswe ikiwa hai, ikatwekatwe, itiwe kwenye mashine, kisha ipigwe kama vinanda vinavyopigwa. Akaiita albamu hiyo Nyumba Nzima.

Ni nani awezaye kuyataja majeshi yote yaliyokusanywa chini ya bendera ile? Ilikuja filimbi ya sufuria ya presha ya shangazi yake mpiga ngoma, yenye hasira za mchana. Ikaja pasi inayotema maji, ukaja ufagio wa chelewa, ikaja mashine ya kunyolea ya kinyozi wa mtaani, zikaja ndala za kaka mkubwa zikishuka ngazi bila haraka. Ikaja blenda iliyofia kazini katikati ya kunaswa, na mlio wake wa mwisho upo katika wimbo wa nne, na anayeusikia huwa anavua kofia. Mama wa mpiga besi aliwakuta wamepiga magoti kuuzunguka ufagio wake, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa kuwa mmeshaushika," akasema, "si mfagie kabisa?"

Lakini milio yote hiyo ilikuwa askari wa miguu tu. Jemadari wao, mlio uliozaa albamu nzima, ulitoka mahali ambapo Nyuzi Sita hakumwambia mtu yeyote, wala wanabendi wenzake, wala mkewe wa ndoa, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye subira za kazi yake.

Ulipatikana hivi. Jumapili moja, miezi kadhaa kabla ya siku tunayoisimulia, mume na mke walialikwa chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nyuzi Sita alikuwa bado mkwe mbichi. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili, akatafuna kwa adabu, akacheka pale wengine walipocheka. Mama mkwe huyo alikuwa nesi mstaafu, mjane, mwenye macho yanayompima mtu joto kutoka mbali. Kabla ya ndoa alikuwa ameuliza swali moja tu mbele ya watu wote: "Hilo gitaa ndiyo kazi yenyewe, au kazi ipo na gitaa ni la jioni?" Nyuzi Sita akajibu kwa kutabasamu, na tangu siku ile kila alipouona uso wa mama mkwe aliliona swali limekaa pale pale.

Basi baada ya kula, shujaa wetu akaomba ruhusa kwenda msalani, naye aliombea haja ya kweli, wala hakuwa na hila moyoni. Akausukuma mlango wa choo. Mlango ukalia.

Nitauelezaje mlio ule? Ulianza chini, mzito, kama mtu anayekumbuka jambo. Ukapanda pole pole, ukakatika katikati, ukavuta pumzi, ukamalizia juu kwa sauti ya kuuliza. Nyuzi Sita alisahau kilichompeleka. Alisimama pale akiwa ameshika kitasa, nywele za mikono zimesimama, akajua kwamba amesikia mwanzo wa albamu yake.

Sasa angesema nini? Angerudi sebuleni aseme, mama, naomba kurekodi choo chako? Shujaa aliyewahi kupanda jukwaani akiwa amevaa fulana ndani nje bila kutetereka, aliogopa. Akaamua kuiba. Akarudi akaketi, akanywa maji, akaomba ruhusa tena akiwa na simu mfukoni imewashwa kunasa. Mara hiyo kijiko kilianguka jikoni kikaharibu kazi. Akarudi, akaketi, akaomba ruhusa tena. Mara hiyo shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi pikipiki, aliwasha pikipiki uani. Akaenda tena, na tena, mpaka sebuleni watu wakaacha kumwangalia kwa kumsitiri, na mazungumzo yakawa yanasimama kila mlango ulipolia, kisha yanaendelea kwa sauti ya juu kidogo. Hatimaye, akiufunga mlango nyuma yake, akaupata mlio mzima, akaondoka na mkewe, moyo unamchezacheza kwa furaha.

Kwa mlio huo ulitungwa wimbo wa kwanza, uitwao Nani Huyo? Na kwa kuwa mlango haukukubaliana na noti yoyote iliyowahi kuwekwa na wanadamu, ulikuwa katikati ya noti mbili kama mtu aliyekwama dirishani, ilibidi nyuzi za magitaa zilegezwe zimfuate bwana mlango. Na kwa kuwa walianza na wimbo huo, kisha wakaona uvivu kukaza nyuzi upya, albamu nzima ikafuata mlango. Hakuna bendi nyingine duniani iliyowahi kupangiwa noti na choo.

Ikafika siku ya kumalizia. Studio yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la magodoro, na kuta zake zilivishwa magodoro yaliyokosa wanunuzi. Fundi mitambo, mtu wa maneno machache na hedifoni kubwa kuliko kichwa chake, alisikiliza wimbo wa kwanza, akainua kidole.

"Kuna mtu anauza rangi humu."

"Rangi gani?" akauliza Nyuzi Sita.

"Ya ukuta. Sikiliza chini ya mlango."

Wakasikiliza, na damu zikawaganda. Kwa mbali, chini kabisa ya mlio ule mtukufu, redio ya sebuleni kwa mama mkwe ilikuwa inaimba tangazo la rangi za nyumba, beti nzima na kiitikio.

"Huo wimbo wa tangazo una wenyewe," akasema fundi. "Mkitoa albamu leo, kesho wanaisimamisha. Na siwezi kuutenganisha, umeshachanganyika kama sukari kwenye chai. Leteni mlango msafi. Saa kumi na moja nafunga kazi yenu. Kesho inaingia kwaya, imechukua mwezi mzima, na nikitoka kwa kwaya siahidi kama nitakuwa bado nasikia."

Hapo kilio kilipanda. Wakatawanyika kama jeshi lililovamiwa, wakafungua kila mlango uliokuwa karibu: mlango wa duka la magodoro ukanguruma, wa daktari wa meno ukanyamaza kama wagonjwa wake, wa mashine ya kusaga ukalia vizuri lakini juu mno. Fundi akajaribu kuushusha kwa mashine, ukatoka kama mtu aliyebanwa pua. Wakarudi wamekata tamaa. Ndipo mwimbaji wao, aitwaye Koo la Shaba, dada mwenye sauti ya kuvunja mayai, akasimama juu ya godoro akanena.

"Ewe Nyuzi Sita, uliyetulegezea nyuzi! Nyimbo zote hizi zimesimama juu ya mlango mmoja. Tumeutumikia mlango huu miezi yote bila kuuliza kwao. Leo tunauliza. Mlango huu uko wapi?"

Nyuzi Sita akatazama chini. "Kwa mama mkwe."

"Mlango wa chumba gani?"

Mpiga ngoma akaweka vijiti chini.

"Cha choo," akasema Nyuzi Sita.

Wanabendi wote wakainamisha vichwa kwa heshima, kwa kuwa sasa walijua ukubwa wa alichokifanya, na ukubwa wa alichotakiwa kwenda kukifanya tena.

Akajifunga vita. Gitaa akaliweka mgongoni, nyuzi zikiwa zimelegezwa vile vile ili aweze kuupima mlio atakaoupata. Kwenye simu akachomeka maikrofoni ndogo, akaivisha soksi ya mkewe ili upepo usiisumbue. Akaenda kwa miguu, akapita kwa kinyozi, akapita kwa wauza matairi, akafika kwenye nyumba yenye geti la bluu, akabisha hodi kwa sauti isiyokuwa ya shujaa hata kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu! Umepotea mno." Mama mkwe hakumpa mkono kwanza, alimshika shavu, akamvuta kope ya chini, akaichungulia. "Hujambo?"

"Salama tu, mama."

"Salama ya kweli au salama ya ukweni?"

Nyuzi Sita hakuelewa, akacheka kwa adabu. Akaketi ukingoni mwa kochi. Redio ilikuwa inazungumza habari za mbolea. Alipoona muda unakwenda akajikaza, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, na pale mama mkwe akamtazama kwa huruma kubwa kupita kiasi cha jambo lenyewe.

"Nenda baba. Nenda, usijibane."

Akapita ukumbini kama simba aingiaye bondeni. Simu ikawashwa. Soksi ikainuliwa. Akashika kitasa, akavuta pumzi, akausukuma mlango.

Kimya.

Akausukuma tena. Akauvuta. Akauinua kidogo kwa kitasa, akaubonyeza chini, akautikisa. Mlango ulikwenda na kurudi kama pazia, hauna neno. Enyi wasikilizaji, kuna mashujaa waliofika kwenye ngome wakakuta adui amehama, lakini hao walau walikuta majivu. Nyuzi Sita alikuta mlango una adabu. Akaingia ndani, akaurudishia, akaegemea ukuta, na nyuma ya mlango akasikia sauti ya mama mkwe, ya chini, ya kumbembeleza mgonjwa.

"Umeona, baba? Hausikiki hata kidogo. Kaa kwa nafasi yako."

"Mama... mlango umekuwaje?"

"Nilikuona ile Jumapili ulivyoteseka. Unakwenda, unarudi, unakwenda, na kila ukienda mlango unakutangaza nyumba nzima. Niliumia. Nikamwambia shemeji yako, huu mlango unamfedhehesha mtoto wa watu, utengenezwe leo leo. Na mke wako nikamkataza asikwambie, usije ukaona haya ukaacha kuja. Na kweli ukaacha kuja."

Ndani ya choo, shujaa akafumba macho. Alikuwa ameacha kuja kwa sababu alikuwa studio akiupiga mlango wa mama huyu kwa gitaa. Aibu ilimshika, aibu halisi, ya kutoka tumboni, na hilo tumbo lilikuwa zima.

"Bawaba zote tatu, shemeji!" ikadakia sauti nyingine, ya fundi pikipiki, imejaa fahari. "Nimetia grisi ya beringi. Huo mlango hautalia tena mpaka wajukuu zako waoe!"

Mwingine angekubali kushindwa, angetoka, angeaga. Nyuzi Sita aliitazama saa, akaikumbuka kwaya. Akawakumbuka wenzake juu ya magodoro. Akaipindua ndoo, akapanda juu yake, akazikabili bawaba. Alishambulia kwa karatasi ya chooni. Grisi ikaila karatasi. Akashambulia kwa sabuni ya kipande. Grisi ikanukia vizuri tu. Akaingiza kidole, akakwangua kwa ufunguo wa nyumbani kwake, akaweka soksi mdomoni apate mikono miwili, akapigana mpaka viwiko vikawa vyeusi na kipande cha karatasi kikamnasa kwenye nywele. Kila alipoujaribu mlango, mlango ulikwenda kimya kimya, kwa dharau.

Ndipo ndoo ikateleza. Ilianguka kwa kishindo, naye akaning'inia kwenye mlango kwa mikono miwili. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni akikoroga maji ya chumvi na sukari, alisikia kishindo hicho kwa masikio ya wodini. Hakubisha. Aliusukuma mlango kama nesi anavyousukuma, na mlango ule, kwa kuwa haukuwa na sauti tena ya kumwonya mtu, ukafunguka pamoja na mkwe aliyekuwa amening'inia juu yake, ukambeba mzima mzima mpaka ukutani.

Wakatazamana. Bilauri ya maji ikiwa mkononi mwa mmoja, soksi ikiwa mdomoni mwa mwingine.

"Umeanguka?"

Nyuzi Sita akatikisa kichwa.

"Hiyo mdomoni nini?"

Akashuka chini. Akaitoa soksi. Shemeji naye alikuwa ameshafika, anachungulia begani kwa mama yake. Hapakuwa na njia ya kurudi nyuma, na mbele palikuwa na ukuta wa choo. Basi shujaa akasimama wima, mikono imejaa grisi, akanena maneno ambayo hakuwahi kudhani atayanena mahali pale.

"Mama, mwenye nyumba hii na milango yake yote! Aliyesimama mbele yako si mgonjwa. Tumbo langu ni zima, na Jumapili ile lilikuwa zima. Usinipe maji hayo, sistahili. Mimi ni mwizi."

"Umeiba nini chooni?" akauliza shemeji, akiangaza macho kwenye rafu ya sabuni.

"Mlio," akasema Nyuzi Sita. "Mlio wa mlango. Niliunasa nikautia kwenye albamu, na leo nimeufuata tena."

Mama mkwe akamkabidhi mwanawe bilauri, akashusha kifuniko cha choo, akaketi juu yake kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo asiyoyatarajia.

"Miezi yote hii," akasema, "nimekuwa nampa mke wako uji kwenye chupa ya chai akuletee."

"Nilikuwa naunywa wote, mama. Nilidhani ni zawadi."

"Ilikuwa dawa."

"Ulikuwa mtamu sana."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Na kweli alikuwa amekasirika, akaifunga kanga yake upya kwa nguvu. "Unajua ule mlango aliutia nani? Marehemu. Aliutia mwenyewe, akautia upande, akasema kesho ataurekebisha. Kesho yake ndiyo hiyo. Mafundi wote waliopita humu walitaka kuutengeneza, nikawakatalia. Akija huyu mwanangu na makopo yake, namfukuza. Miaka yote hiyo. Ukaja wewe, nikakuona unavyodhalilika, nikasema basi, aliyekufa hatumii choo. Nikauzima kwa ajili yako."

Shemeji akaitazama bilauri. Nyuzi Sita machozi yalimlenga, akataka kuyafuta, akakumbuka grisi, akayaacha.

"Ungeniomba tu," akasema mama mkwe. "Ungesema, mama, nataka mlango wako ulie. Ningekaa hapa nikaufungua na kuufunga mpaka jioni."

"Niliogopa. Uliniuliza kama gitaa ni kazi."

"Nilikuuliza. Na hukunijibu mpaka leo."

Hapo, wasikilizaji, ndipo palipokuwa na vita vyenyewe. Yale ya grisi yalikuwa mazoezi. "Ndiyo, mama," akasema Nyuzi Sita kwa sauti ya kawaida, ya mtu yeyote. "Ni kazi. Sina nyingine."

Mama mkwe akamtazama kwa yale macho ya kupima joto. "Haya. Nisikie hiyo kazi."

Mkwe akamvisha vipokea sauti vya masikioni kwa ncha za vidole, asimpake grisi, akamwekea Nani Huyo? toka mwanzo. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameketi pale pale, uso hausemi kitu. Mlango ukalia masikioni mwake, akafumba macho. Magitaa yakaingia, ngoma zikaingia, Koo la Shaba akauliza nani huyo, nani huyo, sufuria ya presha ikapiga filimbi. Wimbo ukaisha. Akavivua.

"Makelele matupu," akasema. "Yana mpangilio, lakini. Ila hapo mwanzo mmekosea."

"Wapi, mama?"

"Huo ni mlango unaofungwa. Wimbo unauliza nani huyo, maana yake mtu anaingia. Unaofunguliwa hauko hivyo. Unaofunguliwa unaanza chini zaidi, halafu hapa katikati..." Akanyoosha shingo, akaweka kidole kooni, akafungua mdomo kidogo upande mmoja.

Na mlango ukalia.

Shemeji aliruka nyuma, akamwaga nusu ya maji, akageuka kuangalia mlango, na mlango ulikuwa umetulia kwa grisi yake. Ulikuwa umetoka kooni mwa mama yake: mzito mwanzoni, ukapanda, ukakatika, ukavuta pumzi, ukauliza. Nyuzi Sita akalivuta gitaa kutoka mgongoni, vidole vinateleza, akaupiga uzi uliolegezwa. Mama mkwe akalia tena, na mlio na uzi vikakutana, vikashikana, hakuna hata unywele uliopita kati yao.

"Mama!" akasema shemeji. "Umejifunzia wapi?"

"Nimelala na huo mlango nyuma ya ukuta wangu miaka yote. Baba yako alipokuwa akiamka alfajiri, nililia nao kimoyomoyo nijue amefika chooni. Zima hiyo redio. Na wewe, vua hivyo viatu, vinagonga."

Redio ikazimwa, mbolea ikakatwa katikati ya sentensi. Shemeji akatumwa getini kuzuia pikipiki zote za wateja wake zisiwashwe, akaenda kama mlinzi wa ikulu. Choo chenyewe kikafanywa studio, maana vigae vyake vilikuwa na mwangwi mzuri. Mkwe akapiga magoti ameinua soksi, mama mkwe akasimama mbele yake, mikono nyuma. Akalia mara ya kwanza, ikawa nzuri.

"Tayari, mama! Tumepata!"

"Hatujapata. Huo ulikuwa mlango wa mchana. Wa asubuhi huwa na baridi." Akalia tena. "Hapana, nimeharakisha. Usinitazame usoni, unanichekesha." Akalia tena, na tena, akamkaripia mkwe kwa kushika soksi upande, akataka maji, akayanywa yale ya chumvi na sukari yaliyobaki, akasema si mabaya. Kisha akafumba macho, na safari hiyo ulitoka mlio ambao Nyuzi Sita hakuthubutu kupumua mpaka ulipokwisha.

"Huo," akasema mama mkwe. "Huo ndio wenyewe."

Nyuzi Sita akautuma mlio huo studio kwa simu. Wakasubiri, wamesimama chooni, hakuna aliyefikiria kuhamia sebuleni. Simu ikalia, Nyuzi Sita akaiweka sauti ya juu, na fundi wa maneno machache akasema: "Mlango umekaa. Msafi kabisa. Na mwambie mwenye nyumba, huo mlango asiuguse kwa grisi wala mafuta, uachwe hivyo hivyo."

Nyuma yake Waya Uchi wote walisikika wakipiga kelele, na mtu fulani akaanguka kutoka kwenye godoro.

Basi andikeni, enyi mnaoandika mambo makubwa. Sogezeni kidogo kurasa za wafalme, na mahali palipobaki mtie haya: kwamba saa kumi na nusu ya siku ile albamu ya Nyumba Nzima ilikamilika, haijasimamishwa na muuza rangi yeyote wala haijasukumwa na kwaya. Kwamba Nyuzi Sita alitoka chooni kwa ushindi, karatasi ikiwa bado kichwani kama taji, na hakuna aliyemwambia. Na kwamba kwenye jalada, palipoandikwa gitaa fulani, besi fulani, ngoma fulani, pameandikwa pia, kwa herufi zile zile, Mlango: Mama Mkwe. Watakaokuja baada yetu wataisoma safu hiyo na kudhani ni kosa la uchapaji, nao watakuwa wamekosa mengi.

Lakini siku ile, mkwe alipokuwa ameshanawa mikono na kuinama kuaga, mama mkwe alimshika mkono wa shati.

"Mnatoa nyingine lini?"

"Nyingine nini, mama?"

"Albamu." Akatazama nyuma kuhakikisha mwanawe hasikii, akainamisha kichwa, akaweka tena kidole kooni. "Sikiliza hii. Hii ni friji."